Mjadala: Je, simu zetu zitumike kuitafuta hoteli inayopiga muziki usiku?

Mtoa hoja:
Mtaani kwetu Mji Mkongwe, muziki wa juu ya mapaa huendelea hadi usiku wa manane, na kila mwenye hoteli anapoulizwa humtaja jirani yake. Kijana mmoja amependekeza nyumba kumi zitoe simu zisikilize usiku kucha, kwa kuwa sauti huifikia simu iliyo karibu kabla ya iliyo mbali, na kwa tofauti hizo za muda hupatikana paa inakotoka. Mimi naunga mkono. Wenzangu mnasemaje?

Mchangiaji:
Maalim, njia hiyo ni ya kweli, na katika viwanja vya Mnazi Mmoja simu nne zingetosha. Vichochoroni ni jambo jingine. Kwa joto letu sauti huenda takriban mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo saa za simu mbili zikipishana kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hesabu ya masafa hukosea mita 35, na mita 35 kwetu ni nyumba ya mtu mwingine kabisa, aliyelala zake. Saa husawazishika, kuta hazisawazishiki. Simu iliyowekwa dirishani chini mara nyingi husikia mwangwi wa ukuta wa mkabala, si spika yenyewe.

Linalonikera zaidi ni hili: muziki si kishindo kimoja kama cha fataki, ambacho wakati wake wa kufika ungeweza kuandikwa peke yake, bali ni mfululizo, na ili programu ijue tofauti ya muda hulazimika kulinganisha rekodi zenyewe, ambazo ndani yake mna mazungumzo ya chumbani ya watu wasioulizwa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu na ya unyumba wake. Basi simu ziwekwe juu ya mapaa, kila mwenye yake aiwashe kwa dakika moja tu, rekodi zifutwe baada ya hesabu, na jibu apewe sheha ili apande ngazi akasikilize kwa masikio yake, lisiwe ushahidi wa kumtoza mtu faini.

Mtoa hoja:
La mapaa nimelikubali. Lakini sheha akionekana tu mlangoni, muziki hupunguzwa kabla hajafika ghorofa ya pili. Sasa atasikiliza nini?