Niko kwenye UX, nasita kuanza saikolojia jioni. Waliopita naombeni ushauri

Mchora_Skrini

Wakuu, heshima zenu. Nina mwaka wa nne kwenye kazi ya UX (uzoefu wa mtumiaji, yaani kupanga tovuti na programu ziwe rahisi kutumia), na niliingilia dirishani: nilianza na usanifu wa michoro, nikasogea kwenye tovuti, kisha siku moja kwenye mkataba mpya nikakuta cheo kimebadilika. Kuchora skrini hakunisumbui. Shida ni kikaoni, mtu akiuliza kwa nini menyu isizidi vitu saba. Najibu "sheria ya Miller". Akiuliza hiyo sheria inasemaje hasa, naanza kumung'unya maneno.

Juzi ndiyo niliumbuka kabisa. Tulijaribu fomu mpya ya usajili kwa watu sita. Nilikaa nao mmoja mmoja, nikawaonyesha, nikawauliza, "Hii fomu ni rahisi?" Watano wakasema rahisi. Fomu ilipoanza kutumika, watu wanafika hatua ya pili wanaondoka zao. Bosi akaniuliza kama wale watano walinidanganya. Sikuwa na jibu.

Sasa nimepata chuo kinachotoa shahada ya saikolojia kwa masomo ya jioni. Ukichukua nusu ya mzigo, miaka mitatu inakuwa sita. Nina mtoto mdogo na kazi siwezi kuacha. Niingie? Waajiri wanaijali hiyo shahada? Aliyepita njia hii aniambie ukweli hata kama unauma.

Nahodha88

Ingia mkuu. Fani yenyewe ina damu ya wanasaikolojia. Don Norman alikuwa mwanasaikolojia wa utambuzi kabla hajaenda Apple mwaka 1993, na huko ndiko cheo chake kilipobeba maneno "uzoefu wa mtumiaji". Utakuwa unarudi kwenu tu.

Kalamu_Butu

Mimi nasema usiingie, na nimeshaajiri wabunifu kadhaa. Ninachoangalia ni kazi: tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini, kipi kiligoma. Sijawahi kumuuliza mtu cheti cha saikolojia.

Halafu umeangalia orodha ya masomo ya hiyo shahada? Makuzi ya mtoto, magonjwa ya akili, biolojia ya ubongo, haiba, historia ya fani. Ni masomo mazuri, sikatai, ila ukitafuta vitufe na menyu humo utavikuta kurasa chache. Miaka sita ni umri wa mtoto kuanza shule.

Bibi_Takwimu

Nimeisoma hiyo shahada kwa jioni. Ilinichukua miaka saba, mmoja niliusimamisha. Kalamu_Butu yuko sahihi kuhusu orodha ya masomo, ila amekosea kuhusu faida. Kilichonilipa si yale masomo ya nadharia. Ni mbinu za utafiti, somo ambalo darasa zima lilikuwa linalikimbia.

Mchora_Skrini, tuanze na Miller wako. Aliandika mwaka 1956 kuhusu vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika kichwani kwa muda mfupi, akataja saba, pungufu au zaidi ya viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaonyesha kwamba kiwango hasa kinakaribia vinne. Sasa niambie, menyu iliyo mbele ya macho ya mtu inahitaji kushikwa kichwani? Anaisoma tu. Saba haina kazi pale. Lakini ukimpa mtu namba ya uthibitisho kwenye skrini moja akaiandike kwenye skrini nyingine, hapo Miller na Cowan wanakuhusu kweli.

Hick, yule wa sheria ya "chaguo zikiongezeka, mtu anachelewa kuamua", naye anaonewa hivyo hivyo. Jaribio lake la mwaka 1952 lilikuwa la taa na vitufe: taa ikiwaka, bonyeza kitufe chake. Muda wa kuamua uliongezeka kwa logi ya idadi ya chaguo, yaani ukizidisha chaguo mara mbili unaongeza kiasi kilekile kila mara, huzidishi muda mara mbili. Na washiriki walikuwa wameshazijua taa zao. Mtu anayepekua orodha asiyoijua anafanya kazi nyingine kabisa. Wabunifu wengi wanaitaja sheria hii kwenye mambo ambayo haikupimwa kwayo.

Tuje kwenye fomu. Wale watano hawakudanganya, walikuonea huruma. Umekaa pembeni, wamejua ni kazi ya mkono wako, umewauliza kama ni rahisi. Ungekuwa wewe ungesemaje? Martin Orne aliliandikia jambo hili mwaka 1962: mshiriki wa jaribio hutafuta kujua mtafiti anataka nini, kisha anampa. Na swali lenyewe umelipika na jibu ndani yake. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, wakawauliza yalikuwa yanakwenda kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa kitenzi laini. Wiki moja baadaye, wengi zaidi kati ya wale wa kitenzi kikali "walikumbuka" kuona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Neno moja tu, mkuu.

Kingine ambacho hutakipata kwenye mabango ya "sheria kumi za saikolojia kwa wabunifu": mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za mwanzo, asilimia 97 zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani si rahisi kuyaita bahati tu. Ziliporudiwa, asilimia 36. Shahada ilinifundisha kuuliza "walikuwa watu wangapi, na nani amerudia?" kabla ya kubeba kitu kukipeleka kikaoni.

Kalamu_Butu

Nakubali somo limeeleweka. Lakini haya yote si angeyapata kwenye vitabu viwili?

Bibi_Takwimu

Kuyajua, ndiyo. Mimi nilijua maana ya swali elekezi, lile lenye jibu ndani yake, miaka mingi. Niliacha kuyauliza siku mkufunzi aliponirudishia dodoso langu lenye maswali 14, na 11 yamezungushiwa wino mwekundu. Kitabu hakikusahihishi.

Zamu_ya_Usiku

Niongee kama niliyeacha. Nilianza shahada hiyo hiyo nikiwa na mtoto wa mwaka mmoja, nikaishia mwaka wa pili, na sijutii. Nilichukua mbinu za utafiti, takwimu na saikolojia ya utambuzi. Nilipofika kwenye nadharia za haiba nikajiuliza nafanya nini pale, nikaondoka.

Dada au kaka, sijui, usijidanganye kwamba utasoma saa nne usiku mtoto akilala. Nilijaribu. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu, asubuhi hukumbuki hata kichwa cha habari. Kilichonisaidia ni kuamka mapema, na kumwomba msimamizi wangu asubuhi moja kwa wiki. Alikubali kwa sababu niliahidi kila jaribio la darasani nitalifanya kwa bidhaa yetu.

Uliza chuo swali moja: naweza kuchukua somo moja peke yake, nipate alama, na alama hizo zihesabiwe nikija kuamua shahada nzima? Vipo vinavyokubali. Na kama tayari una shahada ya kitu kingine, ulizia uzamili wa saikolojia ya utambuzi au wa mahusiano ya mtu na kompyuta kabla ya kurudi mwaka wa kwanza na vijana.

Nahodha88

Mbona nilisema "ingia" kwa mistari mitatu nikaonekana mjinga.

Mchora_Skrini

Nahodha usijali, wewe ndiye uliyenipa moyo wa kuendelea kusoma majibu.

Nimerudi na mrejesho. Bibi, wiki hii nimeijaribu fomu upya kwa watu watano. Sikuuliza kama ni rahisi. Niliwaambia "jisajili kama ambavyo ungefanya ukiwa peke yako", nikakaa kimya, na kukaa kimya ni kazi nyie. Wa kwanza alifika hatua ya pili akainuka kwenda kutafuta mkoba wake. Wa pili akasema "nitamalizia nyumbani". Wa tatu akaniuliza kama anaweza kuandika namba yoyote tu. Hatua ya pili inadai namba ya kitambulisho, na watu hawatembei nayo kichwani. Miezi miwili nimekuwa nikibishana kuhusu rangi ya kitufe.

Chuo kimejibu: somo la mbinu za utafiti linachukulika peke yake na alama zake hudumu. Nimejiandikisha hilo moja. Msimamizi amenipa asubuhi za Alhamisi, kwa masharti kama ya Zamu_ya_Usiku. Shahada nzima nitaiwaza nikimaliza.

Swali la mwisho, Bibi: kwenye takwimu mlitumia programu gani, nianze kuizoea?

Bibi_Takwimu

R. Ni ya bure. Anza kuchora grafu za data ya fomu yako, watu wanaondoka hatua gani na baada ya sekunde ngapi. Ukikwama, weka hapa ujumbe wa hitilafu kama ulivyo, usiutafsiri.