Nimefungiwa kamera kwenye fyuzi boksi, Jumatatu gari haijawaka. Tatizo kamera au fundi?

chalii_wa_mrombo: Wakuu habari za mchana. Niko Arusha huku Kwa Mrombo, natumia Toyota IST. Kuna bodaboda alinigonga pale Kilombero halafu ikageuka mimi ndo nimemfuata, mashahidi kumi wote upande wake, nikasema basi, nikanunua kamera ya dashibodi. Nataka irekodi hata gari ikiwa imepaki kwa hiyo nikachukua na ile seti ya waya tatu, njano, nyekundu na nyeusi. Nikampelekea fundi mmoja wa barabarani, dakika kumi kamaliza, elfu 15. Jumamosi saa nane mchana nikapaki, Jumapili sikutoka, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi napiga stata inalia tk tk tk tu, jirani ndo kanibusti. Nimefungua kifuniko cha fyuzi nakuta waya zimechunwa, zimeviringishwa kwenye miguu ya fyuzi halafu fyuzi imeshindiliwa nazo humo humo. Ndo inavyofungwaga hivi? Au nirudi kwenye tundu la laita ya sigara?

babu_sakina: Rudi kwenye laita mjukuu wangu. Mimi nachomeka nachomoa, nalala.

chalii_wa_mrombo: Shikamoo babu. Laita nikizima gari na yenyewe inakata, sa usiku itarekodi nini

spana_namba10: Chalii yangu kwanza toa hizo waya leo leo. Hapo zilipo hazilindwi na fyuzi yoyote ya kwao, ikichubuka moja ikagusa bodi ni moshi, na huo mguu wa fyuzi ukishatanuliwa hivyo tundu linalegea, siku moja taa zitaanza kukonyeza utafute mchawi.

Sasa jibu hili: njano na nyekundu ziko fyuzi moja au mbili tofauti? Njano inatakiwa moto (umeme) wa muda wote, nyekundu inatakiwa moto unaokuja ukiweka swichi ACC, ile hatua ya redio kabla ya kuwasha, na kupotea ukizima, nyeusi inaenda kwenye bolti la bodi, chuma kitupu sio penye rangi. Soma na karatasi yake maana kuna wanaobadilisha rangi. Kama zote mbili kaziweka kwenye moto wa muda wote kamera inadhani uko barabarani, inarekodi usiku kucha.

chalii_wa_mrombo: Fyuzi MOJA mkuu. Nimeazima multimita, kwenye waya ni volti 12 na kidogo hata funguo ikiwa mfukoni

spana_namba10: Umeona. Pima na amp. Zima kila kitu, fungua kichwa cha negativu cha betri, multimita iweke ka daraja kati ya kichwa na waya wake, subiri dakika kumi na tano gari ilale ndo usome. Usije ukapiga stata hivyo hivyo utaunguza fyuzi ya multimita ya watu.

chalii_wa_mrombo: 0.31. Nikitoa kamera 0.03

spana_namba10: 0.03 ni kawaida ya gari, saa na alamu. Hiyo nyingine piga hesabu, Jumamosi saa nane mpaka Jumatatu alfajiri ni masaa 40, mara 0.31 unapata kama 12.4Ah (amp mara masaa). Betri ndogo ya IST ni kama 35Ah ikiwa mpya. Yako ina miaka mingapi?

chalii_wa_mrombo: Mitatu, na baridi hii ya Julai

dereva_wa_porini: Sisi wa Landcruiser za watalii hilo somo tumelipia, friji ya vinywaji ikiungwa betri moja na stata mnaamkia Serengeti mnasukuma na wageni. Mdogo wangu hiyo seti ina kiswichi cha kukata umeme wa kamera betri ikishuka, angalia imewekwa volti ngapi.

chalii_wa_mrombo: 11.8

dereva_wa_porini: Ndo hapo. 11.8 betri imeshaisha, inakata kitu gani sasa. Betri nzima iliyopumzika inasoma 12.6 hivi. Weka 12.4 ikate mapema, bora ukose video ya saa tisa usiku kuliko ukose gari.

spana_namba10: Nakuunga mkono. Nunua fyuzi tapu mbili, ile inabeba fyuzi mbili juu ya tundu moja, hakikisha saizi ya miguu inafanana na ya kwako. Nyekundu itafutie palipoandikwa CIG au ACC. Fyuzi ya zamani inarudi mahali pake, ya kamera weka iliyokuja na seti, usipachike 20A eti ndo uliyonayo. Na pima tundu kwanza, upande mmoja una moto mwingine mkavu, ule upande unaotoka waya wa tapu ukae kwenye mkavu. Ukigeuza itafanya kazi ila umeme wa kamera utapitia fyuzi zote mbili. Usiguse fyuzi za SRS (eabegi), ABS (breki) wala za kompyuta ya gari.

mama_pasua: Nawasoma toka Moshi. Na waya ukipanda kwenye nguzo ya kioo upite nyuma ya eabegi kama gari yako inayo pale, sio mbele. Wa kwangu aliupitisha juu yake, nikamfungulisha upya mbele yangu.

chalii_wa_mrombo: Mrejesho. Nimefunga mwenyewe Jumamosi, masaa matatu na mgongo unauma. Asubuhi hii betri 12.5, imewaka stata ya kwanza. Yule fundi nimempitia kumwonyesha, kasema kamera ni mbovu. Sasa wakuu klipu ya plastiki ya nguzo imenikatikia mkononi na kwenye barabara ya vumbi huku plastiki ya nguzo inalia kama panya, zinapatikana wapi moja moja?

babu_sakina: Laita haina klipu.