Majirani Ipagala: muvi ya Jumamosi

Mama Neema: Jumamosi tunaweka The Crow. Ya 1994 ya Brandon Lee, siyo ile ya 2024. Baba Eliya, projekta ipo? Nani ana fleshi?

Musa: Fleshi ninayo. Ila faili la MB 700 halifai. Muvi karibu yote ni usiku na mvua, na faili likibanwa sana, weusi unavunjika vibox vibox, uso wa steringi huuoni. Tafuteni la 1080p.

Baba Eliya: Na lisiwe la kutafsiriwa na DJ. Nawaheshimu sana, lakini sauti yake itafunika mvua na gitaa. Weka subtaito.

Mama Neema: Picha ikiwa giza si tunaongeza Brightness?

Musa: Usithubutu mama 😂 Hiyo inageuza weusi kuwa kijivu, unabaki na ukungu. Mwenye TV nyumbani aongeze Backlight, aweke Movie au Cinema. Kwa projekta dawa ni giza lenyewe: tusianze kabla ya saa moja na nusu usiku, na taa ya baraza izimwe.

Baba Eliya: Giza lile ni la makusudi. Katuni ya James O'Barr iliyozaa muvi hii ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mwongozaji Alex Proyas na mpiga picha wake, Dariusz Wolski, waliunyima mji rangi. Rangi za joto wakaziwekea kumbukumbu za Eric, yaani Brandon, na mchumba wake Shelly. Ukikoleza rangi kwenye menyu, tofauti hiyo umeiua.

Rehema: Shikamooni. Eti kweli Brandon, mtoto wa Bruce Lee, alikufa wakiirekodi muvi hii kwa laana ya familia?

Mzee Chilongani: Marahaba mwanangu. Laana iko wapi? Ni uzembe wa silaha. Walitaka risasi za kuonyesha tu kwenye bastola, wakachukua za moto, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Kiwashio cha kitakoni wakakiacha. Kikalipuka, kikasukuma kichwa kimoja hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo. Baadaye ikapakiwa risasi baridi, ambayo haina kichwa ila ina baruti. Mtutu haukukaguliwa. Ilipofyatuliwa, moshi na nguvu vikakitoa kile kilichokwama. Wilmington, Marekani, 31 Machi 1993. Alikuwa na miaka 28.

Rehema: Duh. Sasa waliimaliza vipi?

Baba Eliya: Kwa mtu wa kusimama badala yake, Chad Stahelski, yule aliyekuja kuongoza John Wick, na uso wa Brandon ukapachikwa kwa kompyuta. Mwaka 1993 hiyo haikuwa kazi ndogo.

Musa: Mimi ninachoipendea ni kisasi chenyewe. Eric amefufuka, na hapigiki mpaka kunguru wake aguswe, kwa hiyo maadui wakishagundua, wanamlenga ndege. Halafu Top Dollar, bosi wa wahalifu, hamalizwi kwa ngumi wala risasi. Anapewa maumivu ya Shelly, saa 30 zote za hospitali, kwa mkupuo.

Mama Neema: Musa! Umeshatumalizia 😡

Musa: Samahani mama. Kuiona ni kitu kingine.

Mama Neema: Watoto walale mapema, mle kuna ubakaji na dawa za kulevya.

Baba Eliya: Shuka la kuonyeshea libanwe juu NA chini. Kwa upepo wetu huu likicheza kidogo tu, maandishi hayasomeki. Mzee, ile kamba bado ipo?

Mzee Chilongani: Ipo. Vibanio leteni nyie.