Tupeane uzoefu: siku biashara yako ndogo ilipokuumiza zaidi

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
Wakuu, salaam. Leo nimefunga duka mapema nikahesabu mali, rafu moja baada ya nyingine. Nilipomaliza nikakaa juu ya ndoo ya rangi, daftari mkononi, nikashindwa hata kuinuka. Nauza. Wateja wapo. Droo haikosi hela. Lakini kila nikienda kwa muuzaji wa jumla narudi na mzigo mdogo kuliko wa safari iliyopita, na bei hazijapanda kiasi hicho. Rafu ya mabomba ilikuwa imejaa mpaka juu. Leo naona ukuta nyuma yake.

Hali hii ilinikuta mwaka juzi pia. Wakati ule nilikuwa na kijana wa kunisaidia. Nilipiga hesabu nikaona kila mwezi kuna pengo, nikamwondoa, tena vibaya, mbele ya wateja. Nikachukua akiba ya nyumbani nikaongezea mtaji, nikajua yamekwisha. Sasa nipo peke yangu, funguo ninazo mimi, na pengo limerudi.

Naomba kila mmoja aseme lililomkuta. Labda nitajiona humo.

Steshenari ya Kona
Pole mkuu. Kwangu mimi ni umeme. Mwanafunzi kaleta utafiti wake wa kumaliza chuo, nakala tano, mwisho wa kuwasilisha ni saa kumi. Tumefika katikati ya nakala ya tatu, giza. Alikaa kwenye benchi langu analia, mimi nazunguka mtaani nauliza nani ana jenereta. Tulipata, tukachapa, akakimbia. Yule binti nilichapa bila faida kabisa, gharama ya mafuta ilimeza yote. Ila sikuweza kumwacha.

Fundi Simu
Wateja wa mkopo. Nimemaliza.

Dada Saluni
@Fundi Simu umemaliza kweli. Na wale wanaokuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yao, wewe yako haijaingia kitu. "Mtandao tu dada, itaingia." Nimesubiri mpaka leo. Siku hizi mtu haondoki kwenye kiti mpaka nione salio langu mwenyewe limeongezeka. Wapo wanaonuna, nawaacha wanune.

Mzee wa Jumla
Vijana, nipo kwenye biashara miaka mingi. Dawa ya mkopo ni moja tu: usikopeshe. Hata ndugu. Hata jirani. Andika bango ukutani, likae.

Genge la Jioni
Mzee wangu, shikamoo. Kwako wewe wa jumla hilo linawezekana. Sisi tunaouza mitaani, nisipomkopesha jirani yangu leo anahamia kwa mwenzangu wa mbele, na mwisho wa mwezi akipata mshahara atanunua huko huko. Mimi nakopesha, lakini nina daftari na kila mtu ana kikomo chake. Akifika kikomo namwambia lipa nusu ndipo uendelee. Aliyenidhulumu kweli kwa miaka yote ni mmoja.

Mzee wa Jumla
Marahaba. Mmoja unayemkumbuka. Wengine wamekupunguza kidogo kidogo wala hujui. Chukua bidhaa ambayo katika kila 100 unayouza faida ni 20. Mtu mmoja akiondoka na moja bila kulipa, unahitaji kuuza nne zaidi ili urudishe tu ile hela uliyoinunulia. Nne! Hapo hujapata faida, umerudi pale pale ulipokuwa.

Genge la Jioni
Hesabu yako sikatai mzee. Ila wateja nao unawahesabu? Wanaokwenda zao kwa sababu ya lile bango?

Seremala
Mimi nilijaribu njia nyingine, nikapunguza bei ili nivute watu. Nilikuwa napata faida ya 30 kwa kila 100 ya mauzo, nikashusha bei asilimia 10. Watu walikuja, kazi ikaongezeka, mgongo ukaniuma, na mwisho wa mwezi hela ikawa pungufu kuliko mwanzo. Nilikuja kuelewa baadaye kuwa kwa punguzo lile ilinibidi niuze mara moja na nusu ya kazi ya zamani ili nibaki pale pale. Mikono ni hii miwili. Nisingefika. Kupandisha tena bei ndiyo ilikuwa shughuli, watu waliona kama nimewasaliti.

Fundi Cherehani
Nimesoma yote kimya. Sikutaka kuandika, lakini mkuu umesema ulikaa juu ya ndoo ukashindwa kuinuka, nikaikumbuka sakafu yangu.

Nilikuwa na vyerehani vitatu na mabinti wawili niliowafundisha kazi. Shule moja ikaniita nishone mashati ya sare, 400. Sijawahi kupata kazi kama ile maishani. Msimamizi aliyekuwapo alikuwa mtu mwema, nilimshonea familia yake, tukakubaliana kwa mdomo. Aliniambia malipo yote siku ya kukabidhi. Sikuomba hata robo ya utangulizi, nilihofia ataona sina uwezo akampe mwingine. Kitambaa nusu nilikopa kwa muuza vitambaa, nusu nilichukua mkopo, dhamana ni vyerehani vyenyewe.

Tulishona wiki sita. Usiku. Wale mabinti walilala pale pale juu ya mabaki ya vitambaa. Kila shati mfuko wake una nembo ya shule, nilitaka kazi iwe nzuri kuliko walivyotarajia.

Siku ya kukabidhi nikakodi gari. Nikafika getini, nikaambiwa msimamizi amehamishwa wiki mbili zilizopita. Mpya akanipokea vizuri, akanikalisha, akaniuliza: karatasi ya oda iko wapi? Sina. Mkataba? Sina. Akasema mama, mimi siwezi kulipa kitu ambacho ofisi haina kumbukumbu nacho, na sare tumeshaagiza kwingine. Nilimpigia yule wa zamani. Alipokea mara moja, akasema atalishughulikia. Hakupokea tena.

Nikarudi na mashati yote 400. Yakajaa chumba mpaka dirishani.

Nani atanunua shati lenye nembo ya shule ya mwingine? Hakuna. Mwezi wa pili bila rejesho wakaja kuchukua dhamana. Nilimsihi yule kijana aniachie kimoja. Alisimama muda mrefu akiangalia yale mashati, kisha akabeba viwili, kimoja akaniachia. Najua alivunja amri ya waliomtuma. Sijamsahau.

Hicho kimoja ndicho kilichonitoa. Tulifumua mifuko, yote 400, kwa wembe, mimi na mama yangu na wale mabinti ambao sikuwa na cha kuwalipa na bado walikuja. Ukifumua mfuko, kitambaa kinabaki na matundu ya sindano, yanaonekana. Kwa hiyo nikakata mifuko mipya kutoka kwenye mabaki, mipana kuliko ya kwanza kwa upana wa kidole, ifunike yale matundu. Tukashona upya. Nikauza mashati meupe ya kawaida, moja moja, kwa bei ya kitambaa tu. Ilinichukua mwaka mzima na zaidi.

Dada Saluni
Dada yangu. Nimesoma mpaka mwisho, sina maneno. Pole sana.

Steshenari ya Kona
Mifuko 400 kwa wembe!! Mungu akupe nguvu.

Boda wa Mizigo
Pole, lakini tuseme ukweli. Kosa lilikuwa lako. Kazi ya mashati 400 bila karatasi? Hata mimi nikibeba mzigo wa mtu namwandikisha.

Seremala
@Boda wa Mizigo huyu mama ameyasema mwenyewe yote hayo, tena wazi. Ulitaka aseme mara ngapi?

Boda wa Mizigo
Sijamtukana. Nasema ili wengine wajifunze. Kubembelezana hakulipi madeni.

Seremala
Na kumkumbusha mtu kovu lake hakulipi pia. Wewe oda kubwa ya kwanza uliyopata ulimdai mwenye nayo karatasi? Hukuogopa ataondoka?

Fundi Cherehani
Msigombane kwa ajili yangu. Kaka Boda amesema kweli na mimi sijaumia. Sasa hivi hata mtu akileta suruali moja ya kupunguza namwandikia risiti. Kazi kubwa nachukua nusu kwanza, na jina la taasisi linaandikwa, sio jina la mtu, kwa sababu watu huhama. Akikataa kutoa nusu namuaga kwa heshima. Nimepoteza kazi kadhaa kwa msimamo huo na nimelala usingizi.

Fundi Simu
Mama, ule mkopo riba yake ilikuwaje? Maana nataka kuchukua, nimeambiwa asilimia 10 tu kwa mwaka.

Mtunza Hesabu
@Fundi Simu uliza kwanza hiyo 10 inahesabiwa juu ya nini. Kama ni juu ya deni linalobaki kila mwezi, sawa. Kama ni juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka mwisho, ujue kwamba mwezi wa kumi na moja umeshalipa karibu deni lote, lakini unaendelea kutozwa riba ya mkopo mzima. Mkopo wa miezi 12 wa namna hiyo, 10 yake ni sawa na karibu 18 kwa hesabu ya salio linalopungua. Waambie wakuandikie marejesho yote, mwezi kwa mwezi, kabla hujasaini.

Mzee wa Jumla
Au usikope.

Genge la Jioni
Mzee wewe hukopi wala hukopeshi 😂

Msaidizi wa Duka
Naomba niseme upande ambao humu haujasemwa. Mimi sina biashara, nimeajiriwa kwenye duka la mtu. Ikipungua hela, wa kwanza kutazamwa ni mimi. Tajiri akichukua hela kwenye droo kwenda kumlipa fundi wa nyumbani, haandiki. Mke wake akipita akichukua sabuni, haandiki. Mwisho wa mwezi naulizwa mimi. Na mkumbuke, ukimwondoa mtu kwa tuhuma za wizi hapati kazi duka la jirani. Wenye maduka mnaulizana. Mkuu uliyeanzisha mada, yule kijana ulimkuta na kitu?

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
Sikumkuta na kitu. Niliona pengo tu.

Boda wa Mizigo
Wapo wasaidizi wezi pia, tusijifanye hatujui. Binamu yangu duka lake lilifilisiwa na mfanyakazi aliyekuwa anauza mali yake mwenyewe juu ya meza ya tajiri.

Msaidizi wa Duka
Wapo. Mimi siye.

Mtunza Hesabu
Mkuu mwenye mada, nimekuwa nikifikiria maneno yako tangu asubuhi. Bidhaa uliyonunua 100 unaiuza ngapi?

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
125. Naongeza asilimia 25 kwa kila kitu, ndivyo nilivyofundishwa.

Mtunza Hesabu
Na mauzo ya jioni unayagawaje?

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
Robo natoa, ndiyo faida. Humo inatoka kodi ya pango, matumizi ya nyumbani, na zamani mshahara wa kijana. Robo tatu inarudi kwenye mzigo. Naapa sijawahi kuigusa ile robo tatu, hata mtoto alipougua.

Mtunza Hesabu
Nakuamini. Na pengo lako liko hapo hapo.

Umeongeza robo ya bei ya kununulia, lakini unatoa robo ya bei ya kuuzia. Hizo ni robo mbili tofauti. Ukiuza 125, faida yako ni 25, na 25 ni moja ya tano ya 125. Asilimia 20, sio 25. Wewe unatoa robo ya 125, yaani 31 na robo. Inabaki 93 na robo tatu, na mzigo ule ule unahitaji 100 kuurudisha. Kwa kila 100 ya mauzo unatoa 5 ya mtaji ukiamini ni faida. Kwa siku moja huioni. Kwa miezi inaonekana ukutani, nyuma ya mabomba.

Nimeshaikuta hesabu hii kwenye madaftari mengi. Mambo ya daftari watu wanadhani ni ya wasomi, wakati utaratibu wa kuandika kila hela pande mbili, ilikotoka na ilikokwenda, Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alipouchapisha Venice mwaka 1494 alikuwa anaeleza kitu ambacho wafanyabiashara wa mji ule walikuwa tayari wanakitumia wenyewe. Kilitoka dukani.

Toa moja ya tano, sio robo. Au kama unahitaji robo ya mauzo, basi bidhaa ya 100 iuze 133 na kidogo, kama soko litakubali.

Seremala
Nimesoma mara tatu. Hata mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo!

Mzee wa Jumla
Nami nimejifunza leo, na umri huu.

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
Wakuu, nimerudi. Nilikwenda kutafuta daftari la mwaka juzi, lilikuwa chini ya mifuko ya gundi. Nimechukua mauzo ya mwezi wa tatu mpaka wa tisa, kila mwezi nikagawa kwa 20 nipate ile 5 ya kila 100, nikaweka pembeni ya pengo nililoandika wakati ule kwa kalamu nyekundu. Miezi yote saba zinakaribiana. Mwezi wa sita zimelingana kabisa.

Yule kijana hakuchukua hata msumari.

Nimempigia. Namba haipatikani. Najua mtaa aliokuwa anaishi na dada yake. Kesho sifungui duka, naenda kumtafuta.

Fundi Cherehani
Nenda mkuu. Uende mapema kabla hajatoka kutafuta kibarua.

Msaidizi wa Duka
Nenda. Na mshahara wake wa mwezi ule wa mwisho, ulimlipa?

Mwenye Vifaa vya Ujenzi
Sikumlipa. Naenda nao.