MREJESHO: Kayaki kipindi cha kusi, nimepata pa kupigia kasia

Wakuu habari zenu, mimi ndo niliuliza kipindi hiki cha upepo wa kusi mtu mwenye kayaki ya plastiki apige kasia wapi hapa Dar bila kuteswa na upepo, asanteni sana wote mliojibu. Nimefuata ule ushauri wa kuachana na bahari ya wazi niingie kwenye mikoko ya Kunduchi, naingia asubuhi mapema maji yanajaa natoka kabla hayajaanza kupwa, na aisee ni kweli kabisa, huku nje upepo unachachamaa ila kule ndani mikoko inaukata, maji yametulia mpaka unawaona kaa wanapanda kwenye mizizi. Ule ushauri mwingine wa kuziba kifuniko cha nyuma cha kayaki kwa silikoni maji yasiingie umegoma, imebanduka, sasa simu na nguo naweka kwenye ndoo ya mfuniko wa kuzungusha inatosha. Angalizo kwa watakaokuja, siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji yanatoka kwa kasi mno ukichelewa unabaki kwenye tope, bora siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Kwenda kisiwa cha Mbudya nasubiri kusi iishe. Na yule mdau wa Kigamboni aliyesisitiza laifujaketi, navaa kila siku mkuu, ubarikiwe.