Naomba ushauri: nimetoka kazini, akili imebaki makumbusho

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi makumbusho, na wiki hii tulikuwa tunafungua maonyesho mapya huku makundi ya wanafunzi yakimiminika tangu asubuhi. Nguo za kale na karatasi hazitakiwi kupata mwanga unaozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo kutwa nzima niko kwenye nusu giza, kipima mwanga mkononi, nikirudia "usiguse, mwanangu" hadi sauti inakauka.

Nikifika nyumbani mwili hoi, lakini akili bado inakagua lebo na unyevu wa makabati ya vioo. Televisheni ndiyo kwanza inaniumiza macho. Matembezi? Miguu haitaki hata kusikia.

Mnaosimama kutwa nzima kama mimi, jioni mnafanya nini hadi kichwa kitulie? Na siku ya mapumziko nilale tu, au nijilazimishe kutoka?