Ushauri: Nimeipenda Us, shemeji kanifungulia kesi ukweni

Dobi_wa_Chini
Wakuu habari za jioni. Mimi kawaida yangu ni jukwaa la magari, ila leo jambo langu halina gia wala klachi.

Jumamosi nilimtoa mchumba wangu kwenda kuangalia Us, ile muvi ya kutisha ya Jordan Peele ya 2019. Akaomba aje na dada yake, nikasema hewala, shemeji ndiye mwenye funguo za ukweni. Nikawaambia anacheza Lupita Nyong'o, wao wakadhani tunaenda kuona magauni. Kosa langu la kwanza hilo.

Kwa ambao hamjaiona: familia ya Weusi wenye uwezo wao, baba, mama na watoto wawili, wako mapumzikoni karibu na ufukwe wa Santa Cruz, California. Usiku umeme unakatika, nje wamesimama watu wanne wameshikana mikono. Ovaroli nyekundu, mikasi. Ukiwatazama vizuri ni wao wenyewe: baba na baba mwenziwe, mama na mama mwenziwe, mpaka watoto. Lupita anacheza mama wote wawili, wa juu na yule wa ovaroli anayeitwa Red.

Shemeji alianza kukemea kwa jina la Yesu pale majirani walipouawa. Ukumbi mzima ulimsikia. Ilipofika mahali mama anashuka chini kwenye yale mahandaki wanakotoka wale wa ovaroli, yenye sungura, shemeji kasimama, kachukua mkoba, kamshika mdogo wake mkono, wakatoka.

Mimi nilibaki mpaka mwisho.

Nieleweni. Nafanya kazi kwenye dobi la hoteli, chini kabisa, hakuna dirisha. Huko juu wageni wanabadilishiwa mashuka kila asubuhi, hawaulizi yanakotoka. Sasa Red anakaa sebuleni kwa watu anaanza: hapo zamani za kale palikuwa na msichana, naye alikuwa na kivuli. Msichana akila chakula cha moto kitamu, kivuli kinakula sungura mbichi. Wakuu, nywele zilinisimama, na si kwa woga tu. Ningetokaje kabla sijajua yule kivuli anaishia wapi?

Sasa shemeji ameandika kwenye grupu la familia yao kwamba mimi ni mpenzi wa mambo ya kuzimu. Baba mkwe mtarajiwa ni mzee wa kanisa. Barua ya posa inakwenda mwezi ujao. Mchumba ananijibu "sawa" na "usiku mwema" basi. Je, niseme sikuipenda ili yaishe? Au nijitetee? Natanguliza shukrani.

Fundi_Saa
Mkuu, shemeji ana haki. Ile muvi mbovu. Get Out, muvi ya Peele ya 2017, ilinyooka, jamaa akachukua Oscar ya mswada na hakuna aliyelalamika. Hii kajaza vitu mpaka gunia limepasuka. Ovaroli za watu wote wale alishona nani? Mikasi ilinunuliwa duka gani? Sungura wanakula nini huko chini? Na ule mwisho kwamba kumbe [sehemu hii imeondolewa na msimamizi: wengine hawajaiona]

Nyayo_za_Kisumu
Fundi Saa, wewe nyanya yako akikuhadithia ngano ulikuwa unamuuliza fisi amepata wapi nauli ya kwenda harusini? Hii ni ngano. Mwenyewe Red ameanza na "hapo zamani".

Dobi, pole ndugu yangu. Kwanza kabisa Lupita ni wetu, msijisahau huko Bongo. Pili, ile sauti ya Red, kama mtu anavuta hewa kupitia koo lililobanwa, nadhani ndiyo ilimmaliza shemeji wako. Akidhani ni pepo mwambie si pepo. Lupita alisema wazo alilitoa kwenye ugonjwa wa kweli unaokaza misuli ya sauti. Wenye ugonjwa huo waliumia kuona shida yao inatumika kutisha watu, naye akaomba radhi. Na ndani ya hadithi sauti hiyo ina sababu yake. Sisemi, msimamizi yuko macho.

Msoma_Mabango
Pale mwanzoni ufukweni kuna mtu ameshika bango la Yeremia 11:11. Kafungue: Mungu anasema ataleta mabaya wasiyoweza kuyakimbia, watamlilia naye hatawasikiliza. Nenda nalo kwa baba mkwe, mwambie muvi ina neno ndani yake.

Bi_Mkubwa_Ilala
Usithubutu! Barua ya posa haijafika, kijana anakwenda kumfundisha mzee wa kanisa Biblia?

Mwanangu Dobi, nimekusoma mara mbili. Hakuna aliyekukasirikia kwa ajili ya muvi. Mwenzio katoka ukumbini usiku, wewe umebaki na bisi zako. Walikusubiri wapi? Dakika ngapi? Hilo hukuliandika, nami nikajua ndipo penye kidonda.

Dobi_wa_Chini
Shikamoo Bi Mkubwa. Kwenye maegesho. Kama dakika ishirini. Nilipotoka nikaanza kuwaelezea mambo ya mahandaki.

Bi_Mkubwa_Ilala
Marahaba. Yaani hata pole hukuwapa. Haya, kwa mchumba omba msamaha wa kuwaacha nje. Kwa shemeji piga simu, usiandike, na neno Us lisitoke kinywani mwako. Kusema uliichukia usiseme, maana utaishi naye miaka arobaini na siku moja atakukuta unaiangalia jikoni.

Fundi_Saa
Hapo kwa Bi Mkubwa nakubali. Na nikutoe presha kidogo: si wewe wala shemeji mwenye kasoro. Wale CinemaScore wa Marekani, wanaowauliza watu wakitoka ukumbini, Get Out ilipata A-, hii ikaangukia B. Watu wanatoka mlango mmoja wanabishana. Mimi mwenyewe na kaka yangu hatujamaliza.

Msoma_Mabango
Na ukitafsiri "Sisi" unapoteza nusu ya jina, maana US pia ndiyo Marekani yenyewe. Baba anauliza nyie ni nani, Red anajibu, sisi ni Wamarekani. Halafu ule mstari wa watu walioshikana mikono si wa kubuni. Tarehe 25 Mei 1986 mamilioni ya Wamarekani walishikana mikono kuchangia wenye njaa, na gharama zilipotolewa wenye njaa wakapata kama dola milioni 15. Wa juu wakapiga picha wakarudi nyumbani. Peele anawarudisha walioachwa chini, wameshikana mikono vilevile. Ndiyo maana jamaa wa dobi kabaki kitini.

Dobi_wa_Chini
Mrejesho wakuu. Nimempigia shemeji. Kanisema robo saa nzima, nami naitikia "ni kweli dada". Kwenye grupu hajafuta, ila kaongeza kwamba kijana ana adabu.

Mchumba nilimfuata kazini kwake jana jioni, nikamwomba radhi ya maegesho. Sikugusa muvi. Tumetembea mpaka kituoni, kimya. Daladala imeshasimama, konda anaita, ndipo ananishika shati:

"Hivi, wale wa chini wote wananguruma tu kama wanyama. Mbona yule mama anaweza kuongea?"

Nimemwambia sijui. Jumamosi tunarudi, wawili tu.